Kano la Kisigino Lina Mwendo Wake

Hotuba kwa walimu wa michezo, wanafunzi wa tiba na wakimbiaji

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, ndugu wakimbiaji, habari za jioni.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja ainame kidogo. Shika nyuma ya mguu wako, juu tu ya kisigino, kwa kidole gumba na cha shahada. Hapo pana kitu kigumu kilichosimama wima, na kati yake na vidole vyako hakuna nyama, ni ngozi tu. Sasa inua vidole vya mguu huku kisigino kikibaki sakafuni. Kimekaza. Vishushe. Kimelegea. Panda nacho taratibu kuelekea shavu la mguu: kinatanuka, kinakuwa bapa, mpaka kinapotelea ndani ya msuli. Ukishuka nacho, utagundua kwamba pembamba kuliko pote ni kama sentimita 4 juu ya mfupa, halafu kinatanuka tena kabla ya kujishikiza kwenye kisigino.

Hilo ndilo kano la Achilles, nene na lenye nguvu kuliko makano yote ya mwili wa binadamu. Mwanaanatomia Philip Verheyen ndiye aliyelihusisha na Achilles, shujaa wa hadithi za Kiyunani, katika kitabu chake cha mwaka 1693. Mimi leo nitaliita kano la kisigino.

Jambo langu ni moja. Kano hili ni tishu hai, lakini uhai wake unakwenda polepole kuliko uhai wa msuli unaolivuta, na shida nyingi tunazoziona pale zinatokana na tofauti hiyo ya mwendo. Ili tuelewane, lazima tuingie ndani ya tishu yenyewe.

Tuanzie juu. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa inayolijenga kano hili. Wa juu, unaoonekana chini ya ngozi kwa mtu mwenye mazoezi, ni gastroknemio. Una vichwa viwili, cha ndani na cha nje, na vyote vinaanzia kwenye mfupa wa paja, juu ya goti. Chini yake umejificha soleo, msuli mpana unaoanzia kwenye mifupa miwili iliyo chini ya goti. Utando wa gastroknemio na ule wa soleo hukutana wakishuka, na kutoka hapo linapatikana kano lenye urefu wa karibu sentimita 15. Upo na msuli wa tatu, mdogo, unaoitwa plantari, ambao kano lake jembamba hupita upande wa ndani wa kano kubwa. Baadhi ya watu wamezaliwa bila msuli huo na hawajui, maana hawapungukiwi na chochote.

Walimu wa michezo, hapa pana somo lenu. Gastroknemio unavuka goti, soleo hauvuki. Mtu akipanda kwa ncha za vidole goti likiwa limenyooka, gastroknemio unafanya kazi kwa nguvu zake zote. Akikunja goti, gastroknemio unalegea na mzigo mkubwa unaangukia soleo. Mwanariadha anayefanyishwa zoezi hilo kwa goti lililonyooka tu, msimu hadi msimu, soleo wake unakosa sehemu ya mafunzo unayoyastahili, na soleo ndio unaobeba kazi kubwa mtu anapokimbia masafa marefu.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo binafsi naliona zuri kuliko yote katika umbo la kano hili. Nyuzi zake hazishuki wima. Zinapokaribia kisigino zinajizungusha, na mzunguko huo kwa watu wengi unakaribia nyuzi 90 za pembe. Nyuzi za gastroknemio, ambazo juu zilikuwa nyuma, zinaishia upande wa nje wa kisigino. Nyuzi za soleo, ambazo juu zilikuwa mbele, zinaishia upande wa ndani. Mguu wa kulia na wa kushoto huzunguka kwa pande zinazotazamana, na kiasi cha mzunguko kinatofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo unapotazama kisigino kwa nyuma, unachokiona si msuli mmoja uliojishikiza mahali pamoja. Kila sehemu ya msuli ina eneo lake pale mfupani. Kisigino kikiegemea ndani au nje wakati wa kukanyaga, nyuzi za upande mmoja zinavutwa zaidi kuliko za upande wa pili. Ndiyo maana mgonjwa mmoja atakuonyesha kwa kidole maumivu ya upande wa ndani tu, na mwingine wa nje tu, na wote wawili wanasema kweli.

Mzigo wenyewe si mdogo. Mtafiti Paavo Komi na wenzake huko Ufini waliwapandikizia watu wa kujitolea kifaa kidogo cha kupimia nguvu kwenye kano lenyewe, kisha wakawaacha watembee, waruke na wakimbie. Katika kukimbia kwa kasi walipata nguvu iliyofikia Nyutoni 9,000, yaani mara 12.5 ya uzito wa mwili. Mara kumi na mbili na nusu, kila hatua, mguu mmoja.

Lakini kano halibebi tu. Mguu unapotua, kano linajinyoosha na kuhifadhi nishati. Mguu unapoondoka linajirudi na kuitoa nishati hiyo, ikipotea sehemu ndogo tu kwa joto. Mwaka 1987 Robert Ker, McNeill Alexander na wenzao walikadiria kwamba mtu wa kilo 70 anayekimbia mita 4.5 kwa sekunde anapitisha karibu Jouli 100 za nishati kila mguu unapokanyaga, na 35 kati ya hizo zinahifadhiwa na kano la kisigino. Nishati hiyo msuli hauhitaji kuitengeneza upya. Sokwe, walio karibu nasi sana kwa nasaba, hawana kano refu namna hii, na mbio ndefu si fani yao.

Kitu kinachofanya kazi ya namna hii kimejengwaje? Watu wengi hushangaa nikiwaambia kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa kano ni maji. Ukiyakausha maji hayo, sehemu kubwa ya kinachobaki, kiasi cha asilimia 65 hadi 80, ni kolajeni, na karibu yote ni kolajeni ya aina ya kwanza. Elastini, protini inayonyumbuka, ni asilimia moja au mbili hivi. Kuna pia protini zenye sukari zinazoshika maji na kuziweka nyuzi katika nafasi zake.

Kolajeni yenyewe ni minyororo mitatu ya asidi amino iliyojizungusha pamoja. Katika kila mnyororo, asidi amino ya kila nafasi ya tatu ni glisini, iliyo ndogo kuliko zote, kwa sababu katikati ya mzunguko hakuna nafasi ya kingine kikubwa zaidi. Molekuli moja ina urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 1.5 tu. Molekuli hizi hupangwa sambamba, kila moja ikitangulia jirani yake kidogo, na mpangilio huo unaacha alama zinazojirudia kila nanomita 67. Mwanafunzi anayeutazama uzi wa kolajeni kwa hadubini ya elektroni anaziona alama hizo wazi: mistari myeusi na myeupe, umbali uleule, mwanzo hadi mwisho wa picha. Kisha molekuli zinafungwa na viungo vya kikemia, na bila viungo hivyo zingeteleza na kuachana. Vitamini C inaingia hapa. Bila hiyo seli haziwezi kumalizia baadhi ya asidi amino za kolajeni, mzunguko wa minyororo mitatu haushikamani vizuri, na mtu anapata kiseyeye.

Kutoka molekuli tunapata nyuzinyuzi, kutoka nyuzinyuzi tunapata nyuzi, nyuzi zinafungwa kuwa vitita vidogo, vidogo vinafungwa kuwa vikubwa, na vikubwa vyote pamoja ndilo kano. Aliyewahi kufumua kamba nene na kukuta ndani yake kamba nyembamba, na ndani ya hizo nyembamba zaidi, ameshaelewa mpangilio huu. Tofauti ni kwamba katika kano, kila kitita kimezungukwa na utando laini unaoitwa endoteno, unaopitisha mishipa ya damu na neva, na unaoruhusu kitita kimoja kuteleza kidogo kando ya kingine. Utelezi huo ni muhimu sana. Gastroknemio na soleo havivuti kwa wakati mmoja wala kwa nguvu sawa, kwa hiyo tabaka za kano lazima ziweze kupishana. Umri unapoenda, utelezi huo unapungua. Kwa maoni yangu, tishu hii ya katikati ya vitita imepuuzwa mno katika ufundishaji wetu, wakati uhai mwingi wa kano upo humo.

Kano zima limefunikwa na utando wa epiteno, na nje yake kuna parateno, tishu laini yenye mishipa mingi ya damu. Makano mengine, ya vidole vya mkono kwa mfano, yanapita ndani ya ala yenye ute. La kisigino halina ala hiyo. Parateno ndiyo inayolilainishia njia na kulilisha.

Kano likiwa limepumzika, nyuzi zake zimejikunja mawimbi madogo madogo. Ukianza kulivuta, mawimbi hayo yanakunjuka kwanza, na ndiyo maana mvuto wa mwanzo ni mwepesi. Likifika asilimia 2 hivi ya urefu wake, mawimbi yamekwisha na nyuzi zenyewe zinaanza kubeba. Kwa hesabu zinazofundishwa vyuoni, mpaka asilimia 4 linarudi salama. Kupita hapo baadhi ya nyuzinyuzi zinaanza kukatika. Likipita asilimia 8 linakaribia kukatika lote. Tafadhali msizichukue namba hizi kuwa mpaka wa chuma. Kano lililofunzwa linakuwa gumu zaidi, na kwa mvuto uleule linanyooka kwa kiasi kidogo kuliko lisilofunzwa.

Na sasa seli. Tenositi, seli za kano, ni chache na nyembamba. Zimejipanga kwa safu kati ya nyuzi, na kila moja imetoa mikono mirefu inayogusa seli jirani. Kupitia mikono hiyo zinapashana habari za mvuto. Mguu ukivutwa, zinajua. Ukikaa muda mrefu ndani ya plasta, zinajua pia, na zinabadilisha kazi yao.

Nilisema uhai wa kano unakwenda polepole. Ushahidi ulio wazi kuliko wote umetoka mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Kati ya mwaka 1955 na 1963, majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza mno kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, katika hewa ya dunia nzima. Majaribio ya hewani yalipositishwa, kiwango kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Kila aliyeishi miaka hiyo aliila kaboni hiyo kwenye chakula, ikaingia katika tishu zake. Tishu inayojijenga upya kila wakati itakuwa na kaboni ya miaka ya karibuni. Tishu isiyojijenga upya itabaki na kaboni ya miaka ilipoumbwa.

Mwaka 2013, Katja Heinemeier na wenzake huko Copenhagen walichapisha vipimo vya makano ya kisigino ya watu waliofariki, waliozaliwa miaka mbalimbali. Misuli ya watu hao ilikuwa na kaboni ya karibuni, kwa maana ilikuwa imejijenga upya maisha yote. Kiini cha kano hakikuwa hivyo. Kilikuwa na kaboni ya utoto na ujana wao, mpaka umri wa miaka 17 hivi. Baada ya hapo, karibu hakuna kilichobadilishwa.

Fikirini maana yake. Mtu wa miaka 60 anayekimbia asubuhi anakimbia kwa kolajeni aliyoijenga kabla hajamaliza kurefuka. Nilipousoma utafiti huo niliacha kufundisha mambo kadhaa niliyokuwa nikiyafundisha kwa wepesi. Mtoto na kijana anayecheza, anayeruka, anayekimbia, anajenga kiini atakachoishi nacho. Mtu mzima naye si kwamba hana la kufanya: kano lake bado linaitikia mazoezi, linakuwa gumu zaidi, na tishu ya nje na ya katikati ya vitita inaendelea na kazi. Ila hawezi kutegemea kwamba kiini kilichoharibika kitabadilishwa kwa majuma mawili ya kupumzika.

Hata ile sehemu inayobadilika ina ratiba yake. Baada ya zoezi zito, ujenzi wa kolajeni unapanda, lakini uvunjaji nao unapanda, na kwa siku ya kwanza, hata siku na nusu, uvunjaji unaushinda ujenzi. Faida inakuja baadaye. Msuli ukishapumzika usiku mmoja unaweza kujisikia tayari, na mwalimu akaongeza mzigo kesho yake. Msuli unakubali. Kano bado liko kwenye hasara ya jana.

Kuhusu damu nitasema machache, kwa sababu jambo hili limerudiwa sana na mara nyingi kwa kutiwa chumvi. Kano linapata damu kutoka juu linapoungana na msuli, kutoka chini kwenye mfupa, na kutoka pembeni kupitia parateno, kwa ateri mbili za mguu. Sehemu ya kati, sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, ina mishipa michache zaidi, na ndipo makano mengi yanapokatika. Ni kweli. Lakini ndipo pia pembamba zaidi, na ndipo nyuzi zinapojizungusha. Anayesema ni uhaba wa damu peke yake amechukua sababu moja akaziacha nyingine.

Pale kano linapoingia mfupani pana ufundi mwingine. Kitu laini kikiungana ghafla na kitu kigumu, mpaka wao ndio utakaopasuka. Mwili umeweka hatua nne: kano, kisha gegedu lenye nyuzi, kisha gegedu hilohilo likiwa limeingiwa na chokaa, kisha mfupa. Mbele ya kano, juu kidogo ya hapo, kuna kifuko chenye ute, na juu yake pedi ya mafuta ambayo ncha yake huingia na kutoka kwenye kifuko mguu unapopanda na kushuka. Vidole vikiinuliwa sana, kano linabanwa dhidi ya kona ya mfupa wa kisigino. Mwenye maumivu hapa chini kabisa asishauriwe kushusha kisigino chini ya ngazi kana kwamba anaumwa katikati ya kano, kwa sababu mwendo huo unalibana zaidi. Baadhi ya magonjwa ya baridi yabisi huanzia hapahapa, hivyo kijana mwenye maumivu ya visigino vyote viwili na mgongo unaokaza asubuhi anahitaji daktari kuliko mwalimu wa mazoezi.

Kano likizidiwa kwa miezi, ukilitazama kwa hadubini unakuta nyuzi zimepoteza mpangilio, seli zimekuwa nene na za mviringo, kolajeni ya aina ya tatu imeongezeka, maji yameongezeka, na mishipa midogo ya damu na neva imeota mahali isipokuwapo. Kwa mkono unasikia limenenepa. Seli za uvimbe wa ghafla, zile tunazoziona kwenye kidonda kibichi, ni chache. Hiyo ndiyo sababu dawa za kutuliza uvimbe hupunguza maumivu bila kulirudisha kano katika hali yake, na ndiyo sababu mimi naogopa sindano za steroidi zinapoelekezwa ndani ya kano hili.

Kinachosaidia zaidi ni mzigo, kwa kipimo. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Uswidi walichapisha mpango wa kushusha kisigino taratibu, marudio 15 mara tatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, na wakimbiaji waliokuwa wakingoja upasuaji walirudi kukimbia. Tangu hapo mipango mingine imejaribiwa, ya uzito mkubwa na mwendo wa polepole, nayo imefaa. Wiki 12, ndugu zangu. Mgonjwa anayeacha wiki ya nne akisema haijasaidia hajaipa tishu muda inaouhitaji, na mara nyingi kosa ni letu sisi tusiomweleza mapema.

Mambo mawili ambayo si ya michezo. Kuna jamii ya antibiotiki inayoitwa fluorokwinoloni, siprofloksasini na levofloksasini zikiwamo, inayoweza kulidhuru kano hili hadi kukatika, hasa kwa mtu aliyepita miaka 60 au anayetumia steroidi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kwenye dawa hizo. Ukizitumia na kano likaanza kuuma, acha mazoezi na mwone daktari wako siku hiyo akubadilishie dawa. La pili: makano ya kisigino yaliyonenepa pande zote mbili, magumu, pengine bila maumivu, yanaweza kuwa yamejaa lehemu, yaani kolesteroli. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kurithi unaoziba mishipa ya moyo mapema. Mtu wa namna hiyo apimwe damu, na ndugu zake wapimwe.

Namalizia na kukatika kwenyewe. Wengi ni wanaume wa miaka 30 hadi 50, wakiwa katika mchezo wa kuruka au kuanza mbio ghafla. Anasikia pigo kisiginoni, anageuka kutazama nani aliyempiga teke, na nyuma hakuna mtu. Baada ya dakika chache maumivu yanaweza kupungua, na anatembea. Akiambiwa ashushe vidole, anavishusha, kwa sababu misuli mingine inayopita nyuma ya vifundo bado ipo. Hapo ndipo wengi wanaambiwa wameteguka tu, wanafungwa bandeji na kurudishwa nyumbani.

Kipimo ni chepesi, kimeelezwa na Simmonds mwaka 1957 na Thompson mwaka 1962, na nataka kila mwalimu wa michezo aliyeko humu akijue. Mlaze mtu kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. Minya shavu la mguu usioumia kwanza: wayo unashuka wenyewe. Minya la mguu wa pili. Wayo usipocheza, mfunge mguu kwa kibao huku vidole vikielekea chini, ili ncha mbili za kano zikaribiane, usimruhusu kuukanyagia, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.